Gauni Jeupe na Sufuria ya Chai

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya sabini ambayo hunijia kwa harufu kwanza, kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote. Ni harufu ya majani ya chai ya Mufindi yaliyochemka kupita kiasi mpaka maji yakawa meusi kama lami, na ndani ya maji hayo inaelea karatasi ya picha.

Harufu hiyo ilinirudia juzi, uliponiletea ile picha ya marehemu mama yako uliyoichapa kwa printa yako ya wino pale dukani kwako Mbeya. Niliipeleka dirishani, nikaitazama, nikanyamaza. Ulidhani sikuipenda. Niliipenda sana. Uso wa mama yako ulikuwa na joto, kama alivyokuwa mwenyewe. Ile picha ya zamani ilikuwa nyeusi na nyeupe, imepauka, wewe ukampa uhai. Lakini kitambaa chake cha kichwani, ambacho nilimnunulia mimi na nakijua kilikuwa cheupe, kilikuwa kimegeuka krimu, rangi ya togwa. Sikutaka kukueleza mbele ya wateja wako. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa naruka mahali panaponiaibisha, na kwenye karatasi kuruka ni kugumu zaidi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi ya ofisini sijapata, na tayari najiona mtu mkubwa. Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa na studio ya picha Iringa mjini karibu na soko, akanichukua nimsaidie. Usimfikirie kuwa mzee mpole wa maneno machache. Alivaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kila mteja aliyeingia aliambiwa kwamba kutoka Mbeya mpaka Dodoma hakuna anayejua kusafisha picha kama yeye. Kilichoniudhi ni kwamba ilikuwa karibu na kweli.

Picha zetu za siku zile zilikuwa nyeusi na nyeupe, na weusi wake ulikuwa wa baridi, unaelekea bluu, kama asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu kabla jua halijapanda. Wateja wengi hawakujali. Lakini dirishani mwa studio Mzee alitundika picha ya mama yake mzazi, na hiyo ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, shavu la yule bibi kama limetoka kuota moto sasa hivi. Watu walisimama barabarani kuitazama. Wakiingia ndani walisema, "Mimi nataka kama ile ya bibi."

Rangi ile ilitoka kwenye dawa. Picha ikishakamilika na kukauka, unaitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, na uso unaanza kufifia. Unafifia mpaka ukiwa mgeni wa kazi unaweza kulia, unadhani umeuua. Kisha unaihamishia kwenye dawa ya pili, na pale uso unarudi, safari hii umerudi wa kahawia. Hiyo dawa ya pili ilinuka mayai viza. Kinyozi wa jirani alikuwa anagonga ukuta kila tulipoifungua: "Ambakisye! Jamani, leo umekula nini?" Naye Mzee anajibu, "Nimekula chakula cha wasanii, wewe kinyozi huwezi kukijua!"

Sasa sikiliza kilichotokea.

Siku ya Jumamosi moja walikuja maharusi kutoka kanisani, na vumbi la barabara ya Kalenga bado liko kwenye viatu. Bibi harusi aliitwa Vumilia, binti wa mkulima Mlutheri wa Kalenga, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Bwana harusi, Yohana, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo mjini. Mzee Ambakisye aliwapiga picha mwenyewe, akazunguka zunguka na taa zake, akamwambia Yohana aache kukunja uso kama anasahihisha mtihani. Jumatatu akapanda basi kwenda Mbeya, ambako alikuwa anafungua studio nyingine ndogo, akaniachia mimi kazi ya kuzichapa.

Picha moja ilikuwa na safari. Yohana alilelewa na shangazi yake, anaitwa Tabitha, wa kule Igawa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Wazazi wake walikufa angali mdogo, kwa hiyo shangazi huyo ndiye aliyekuwa baba na ndiye aliyekuwa mama. Hakuweza kuja harusini. Mpunga wake ulikuwa umeanza kukomaa, na mtu akiondoka shambani siku hizo, ndege wanavuna kabla yake. Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya mavuno Vumilia apelekwe Igawa, shangazi ampokee kwa chakula kama desturi inavyotaka, na hapo ndipo awe mke wa ukoo ule kweli kweli. Kwa sasa Vumilia abaki kwa baba yake, na shangazi atangulie kupelekewa picha.

"Iwe kama ile ya bibi dirishani," Vumilia aliniambia. "Shangazi anione nikiwa na rangi ya mtu, nisionekane kama nimetoka kwenye barafu."

"Hiyo ni kazi ndogo, dada," nilijibu, na kidevu juu.

Nikaingia chumba cha giza. Nikachapa picha, ikatoka safi. Nikaitia dawa ya kwanza, uso ukafifia vizuri. Nikaitia dawa ya pili, nikasubiri. Uso haukurudi. Nikanusa chupa: hakuna harufu. Dawa ilikuwa imekaa mno, imekufa, na nyingine Mzee alikwenda nayo Mbeya. Maneno ya kumwambia yule dada yalikuwa mafupi sana, mwanangu. Dawa imekwisha, subirini Mzee arudi. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuyasema. Mimi nilikuwa nimeshasema ni kazi ndogo.

Nikakumbuka vikombe vyetu vya shuleni vilivyokuwa vimegeuka kahawia kwa chai. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikaweka sufuria, nikatia majani ya kutosha kunywesha kwaya nzima. Ilipopoa nikatumbukiza picha nyingine. Nilipoitoa na kuiweka chini ya ile balbu yetu ya njano, nilikaribia kuimba. Uso wa Vumilia ulikuwa na joto! Mashavu, shingo, mikono, vyote vilikuwa hai. Kuhusu gauni sikuona tatizo lolote. Chini ya balbu ya njano kila kitu cheupe ni cha njano, hata shati langu lilikuwa hivyo. Nikaikausha, nikaifunga kwenye bahasha bila kuitoa nje hata hatua moja.

Maharusi walipokuja kuichukua waliitazama mle mle ndani, wakafurahi. Vumilia alishika mkono wa mumewe akasema, "Umeona?" Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Yeye alijua gauni lake lilikuwa jeupe. Alilivaa, alilifua, shangazi zake walilipiga pasi. Basi alipolitazama kwenye picha, akaliona jeupe. Yohana pia. Mimi pia.

Aliyekuwa hakuliona gauni lile ni mmoja tu.

Labda vijana wa leo hamjui, kwa hiyo nieleze. Katika sharika nyingi za kwetu wakati huo, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa hakuruhusiwa kuvaa nyeupe siku ya harusi yake. Alifungishwa ndoa akiwa na gauni la rangi, na watu wote kanisani waliosoma rangi ile walielewa bila kuambiwa. Mzee wa kanisa akiona gauni la krimu alikuwa anauliza maswali. Sisemi desturi ile ilikuwa nzuri au mbaya, siku hizi nina mawazo yangu juu yake. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa, na mama mmoja wa Igawa aliyekuwa mshiriki wa kanisa tangu ubatizo wake alikuwa anaijua vizuri.

Wiki chache baadaye Vumilia aliingia studio peke yake, ameshika bahasha niliyoifunga mimi.

"Kamwene, kaka mpiga picha."

"Kamwene, dada. Umekuja kupiga nyingine?"

"Ningekuja kupiga nyingine ningekuja na gauni langu. Hili gauni ni rangi gani?"

"Jeupe."

"Usiniangalie mimi. Iangalie picha. Njoo nayo nje."

Tukatoka. Jua la saa nne lilikuwa wazi. Na hapo, mwanangu, mbele ya kinyozi na wateja wake, niliona kwa mara ya kwanza kazi ya mikono yangu. Gauni lilikuwa rangi ya togwa. Shela, rangi ya togwa. Maua mkononi, rangi ya togwa. Hata ukuta wa nyuma.

"Shangazi ameirudisha na kondakta wa basi," alisema. "Ametuma na maneno. Amesema, 'Mwambieni Yohana nimeona. Gauni la rangi nalijua maana yake. Asiniletee mtu huyo hapa mpaka mtoto azaliwe, tuhesabu miezi.'" Akanitazama. "Mtoto gani, kaka? Nionyeshe wewe uliyemwona."

"Yohana hajamweleza?"

"Amekwenda mwenyewe mpaka Igawa. Ameambiwa, 'Wewe ndiye uliyefanya, utasemaje vingine?'"

"Si kulikuwa na mjomba wake siku ile?"

"Mjomba ameulizwa. Amesema gauni halikumbuki, alikuwa anaangalia pilau."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

"Habari za Igawa zimefika Kalenga kabla ya hiyo bahasha. Jumapili nimekaa viti vya nyuma, mbali na kwaya. Nikisimama kuimba wanaangalia tumbo, hawaangalii mdomo. Baba hasemi kitu, anatengeneza jembe lile lile tangu asubuhi mpaka jioni. Niambie, kaka, hii picha uliitia nini?"

Hapo ndipo ningeweza kuimaliza habari yote. Kinyozi alikuwa amesimamisha mkasi anasikiliza. Nikasema, "Ni dawa tu, dada. Dawa zetu hubadilika kidogo zikisafiri."

Hilo ndilo kosa langu. Si chai. Chai ilikuwa ujinga wa kijana, na ujinga wa kijana unasameheka. Lakini binti yule alisimama mbele yangu anaomba neno moja litakalomtoa viti vya nyuma, na neno hilo nilikuwa nalo, nikalimeza kwa sababu kinyozi alikuwa anasikiliza. Akaniachia picha, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Mzee Ambakisye alirudi kutoka Mbeya siku zile zile. Aliikuta picha juu ya meza. Akaiinua, akaitoa mlangoni kwenye mwanga, akainusa. Kisha akalamba pembe yake.

"Mufindi," akasema. "Haina sukari."

Nikamweleza yote, pamoja na uongo wa pale nje, maana nilijua kinyozi angemwambia kabla ya jua kuchwa. Nilitegemea makelele. Mzee alivua koti lake, akalitundika, akakaa.

"Gwe kijana, ungeniharibia boksi zima la karatasi nisingesema kitu. Karatasi zinaletwa na lori. Umeharibu jina la binti wa watu, halafu amekuja kuliomba ukamwambia dawa zinasafiri. Zimesafiri kwenda wapi? Zilikuwa mfukoni mwangu!"

Kisha akauliza, "Picha hii ulimtengenezea nani?"

"Bibi harusi, Mzee."

"Bibi harusi alikuwepo harusini."

"Basi bwana harusi."

"Naye alikuwepo! Wewe vipi? Watu waliokuwepo hawahitaji kazi yetu, wana macho yao. Ulimtengenezea mama aliyekuwa anafukuza ndege kwenye mpunga. Yeye hana kitu kingine cha kutazama, ana hii karatasi tu. Ukimwandikia uongo kwenye karatasi hii atausahihisha na nini?"

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na sijakutana na mtu aliyenieleza kazi yetu vizuri zaidi.

Kisha akanichukua chumbani, akafungua dawa mpya aliyokuja nayo, na kinyozi akagonga ukuta. Tukachapa vipande viwili vya picha ile ile. Kimoja akakitia chai niliyochemsha upya, kingine akakitia dawa. Tukavitoa mlangoni, akaviweka sambamba juu ya kiti.

"Tazama. Dawa inashika weusi tu. Uso wa mtu wetu una mengi ya kushika, nywele pia, na vivuli vya nguo, ndiyo maana vinapata joto. Hapa kwenye gauni hakuna weusi, kwa hiyo dawa inapita bila kugusa kitu. Huu weupe sikuupaka mimi. Ni karatasi yenyewe, imeachwa ilivyokuja. Chai yako haichagui. Imemwogesha bibi harusi mzima mzima, na kanisa lake."

Kazi ya kuchapa upya ilikwisha siku hiyo. Picha iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko ile ya dirishani. Nikasema nitaipeleka stendi kwa kondakta.

"Kondakta?" alisema Mzee. "Kondakta ndiye aliyepika chai? Igawa utakwenda wewe."

Nilikwenda na picha tatu kwenye mfuko wa karatasi ngumu: ile iliyorudishwa, ile mpya ya kahawia, na moja ambayo haikutiwa kitu, nyeusi na nyeupe ya kawaida. Hiyo ya mwisho Mzee aliiongeza bila kueleza. Basi lilipita Mafinga na Makambako kwenye ukungu, watu wamejifunika mablanketi, kisha likateremka bonde la Usangu na watu wakaanza kuvua makoti. Igawa nilimuuliza muuza ndizi wa kwanza, akanionyesha kibanda cha nyasi kando ya barabara, chenye birika kubwa na maandazi.

Shangazi Tabitha alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekomazwa na mpunga, na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwenye benchi walikaa dereva mmoja wa lori na mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliokuwa wameanza kuhamia bondeni na ng'ombe wao, fimbo mapajani.

"Kamwene, shangazi."

"Shangazi yako nani? Mimi nauza chai. Unakunywa au unapita?"

Nikasema nimetoka studio Iringa, mimi ndiye niliyechapa picha ya Yohana. Nikampa ile mpya. Aliifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuishika, hilo nililiona. Akaitazama muda mrefu. Halafu akairudisha.

"Sasa mmepaka chokaa."

"Hapana, shangazi, hivi ndivyo gauni lake lilivyokuwa."

"Kijana, usinichezee. Mwezi uliopita mlinionyesha gauni la rangi. Leo nimekasirika, mnanionyesha jeupe. Nikikasirika tena mtaniletea la kijani? Kama mnaweza kulifanya jeupe mkitaka, basi hii karatasi yako haina maana yoyote."

Dereva akacheka. "Hapo amekukamata, bwana mdogo."

Na kweli alikuwa amenikamata. Njia yote nilijiona nimebeba ushahidi. Sikufikiria kwamba mtu niliyemdanganya kwa picha hana sababu ya kuamini picha nyingine kutoka mkono ule ule. Nilisimama pale, na lori likapita, na vumbi likatushukia sote. Ndipo nikaelewa kwa nini Mzee alitia ile ya tatu.

"Shangazi, nipe chai ya rangi. Kali. Kwenye bakuli."

"Unakunywa kwenye bakuli kama mbwa?"

"Sinywi."

Akanimiminia, uso umejaa mashaka. Nikasubiri ipoe kidogo, kisha nikaichukua ile picha isiyotiwa kitu, nikawaonyesha wote watatu. "Gauni hili rangi gani?"

"Jeupe," alisema mfugaji. "Na shela jeupe."

Nikaizamisha. Na wakati inalowa, ikabidi niseme, maana watu wengine walikuwa wameanza kusogea kutoka stendi. "Dawa ya kutia picha rangi ilikwisha. Niliona aibu kusema imekwisha. Nikachemsha chai, nikaitia picha ya mkwe wako. Sikuitazama juani. Yeye alikuja kuniuliza niliitia nini, nikamdanganya mbele ya watu. Binti huyo hana kosa lolote, na Yohana hana. Mwenye kosa ndiye huyu amesimama hapa."

Nikaitoa. Maji ya chai yakadondoka. Gauni lilikuwa rangi ya togwa. Nikaiweka juu ya meza kando ya ile aliyoirudisha, zikawa kama pacha.

Mfugaji aliinama, akatazama moja, akatazama nyingine. "Mama, nina ng'ombe mweupe pale. Akilala topeni anakuwa hivi hivi. Lakini bado ni mweupe."

Shangazi Tabitha aliisogelea meza. Aliiinua ile yenye maji, akaishika kwa ncha za vidole, chai ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilidhani atanipiga nayo.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "wewe umempikia chai mkwe wangu kabla mimi sijampikia."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa kile kitenge, na nilipomtazama vizuri sikuwa na hakika kama machozi yale yote yalikuwa ya kicheko.

"Nimesema tuhesabu miezi," alisema. "Nimelisema hapa hapa, na kondakta akalitangaza basi zima. Ee, mtoto wa watu." Akasimama. "Sitaki aletwe. Mpunga ukishaingia ndani nitakwenda Kalenga mwenyewe, nikamchukue. Mdomo uliotuma maneno yale ukayatoe pale pale kwao, baba yake akisikia."

Na alikwenda. Alishuka na kuku na debe la mchele mpya, akaingia kwa baba yake Vumilia akapiga magoti mlangoni, mama mtu mzima yule, akasema yote. Nilikuwepo, kwa sababu Mzee Ambakisye alinituma na kamera. Vumilia alipokelewa Igawa kwa wali na vigelegele vilivyosimamisha malori. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa baada ya mwaka na zaidi, na hakuna aliyehesabu kitu. Picha nzuri shangazi aliiweka ukutani nyumbani. Ile niliyoizamisha bakulini aliikausha akaitundika kibandani, juu ya birika, na kwa miaka mingi kila dereva aliyeuliza alisimuliwa habari ya mpiga picha mjinga wa Iringa. Nilistahili.

Lakini nisikudanganye kwamba yote yalirudi. Siku ile Kalenga, watu wakila, nilimfuata Vumilia nikamwomba radhi. Aliniitikia vizuri, akaniwekea nyama. Kisha akasema, bila hasira, "Nashukuru ulikwenda Igawa, kaka. Ila ungeniambia siku ile mlangoni, ningelala." Alirudi kwaya. Lakini sauti ya kwanza ya peke yake, ile ya kusimama mbele, hakuimba tena. Walimwomba, akasema wapo wadogo wenye sauti nzuri. Siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, na tukikutana sokoni bado ananiuliza, "Kaka, leo umepika nini?" Tunacheka sote wawili. Mimi nikifika nyumbani huwa nakumbuka zile Jumapili za viti vya nyuma, ambazo zilikuwa mkononi mwangu kuziokoa.

Sasa turudi dukani kwako. Wewe huna dawa za kunuka, kinyozi wako hakugongei ukuta. Una kompyuta na chupa za wino. Lakini ulipotaka picha ya mama yako iwe na joto, ulivuta njano na wekundu juu ya karatasi nzima, na hiyo, mwanangu, ni sufuria yangu ya chai. Joto liweke kwenye vivuli na kwenye ngozi, kidogo kidogo, na kadiri unavyokaribia weupe lipunguze mpaka liishe. Mahali palipokuwa peupe, wino usifike kabisa, paachie karatasi. Ukitaka weupe wenyewe uwe laini, tafuta karatasi iliyotoka kiwandani na weupe wa maziwa, usiutengeneze kwa wino. Chapa kwanza kipande kidogo, kiache kikauke vizuri, kwa sababu wino mbichi una rangi yake na mkavu una yake. Halafu usikiamini chini ya taa ya dukani. Nimeona picha zako ambazo chini ya ile taa ndefu ni za kahawia na juani zina ukijani. Toka nayo nje. Ni hatua chache tu, na ni zile ambazo mimi sikuzipiga.

Na kila unapochapa, jiulize alichoniuliza Mzee Ambakisye. Mimi sihitaji picha ya mama yako. Nilikuwepo, kitambaa chake nitakiona cheupe hata ukikichapa cheusi. Watakaoitazama ni watoto wako, ambao hawakumwona. Hao hawana cha kukusahihishia. Wataamini mkono wako.

Jingine la mwisho. Mteja akitaka kitu na wino wako umekwisha, mwambie wino umekwisha. Akirudi na kosa ulilolifanya, mwambie pale pale mlangoni, hata kama jirani amesimamisha mkasi anasikiliza. Aibu yake utaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi yangu nilikwenda nayo mpaka Igawa, na kipande chake bado ninacho.

Nenda ukamchape mama yako tena, na kitambaa chake cheupe. Mungu akupe macho yanayotoka nje kutazama kabla ya mkono kufunga bahasha. Akupe mdomo mwepesi wa kusema kweli kwa mtu anayeisubiri. Na siku watoto wa watoto wako watakaposhika picha ulizochapa, wawaone wazee wao walivyokuwa, wenye joto usoni na weupe kwenye nguo zao, na wakubariki wewe ambaye hawatakuona. Amina.